Riwaya za Kiswahili ninazozipenda na zilizonishinda: mimi hutazama kazi na pesa

Karani wa Vitabu:

Wanajukwaa, mijadala kuhusu riwaya bora za Kiswahili hurudia orodha ileile na sababu zilezile tulizofundishwa darasani: kitabu kina dhamira nzito, mwandishi ameikosoa jamii, lugha imesheheni tamathali za semi. Sababu hizo ni halali, lakini peke yake hazijawahi kunifanya nikeshe na kitabu. Kazi yangu ni uhasibu, na kila ninapofungua riwaya nataka kujua mhusika anakula kwa jasho la nani, anadaiwa na nani, na chumba anacholala kinalipiwa kodi na nani. Mwandishi anayenionyesha mambo hayo bila kunihubiria humsamehe kasoro nyingi. Asiyenionyesha hunichosha, hata awe bingwa wa lugha kiasi gani. Yafuatayo ni maoni binafsi, na nitavitaja pia vitabu vinavyoheshimiwa na wengi ambavyo mimi vimenishinda.

Ninayoipenda kuliko zote ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Wengi huikumbuka kwa suala la ubaguzi, kwa kuwa Rehema anazaliwa katika nyumba ya mwenye mali na baba yake, Fuad, anamkataa kwa sababu ya rangi yake. Hilo ni kweli, lakini kilichonishika mimi ni ardhi. Kila upendo na kila chuki katika kitabu kile hupitia shambani. Rehema anapokutana na Sulubu, mtu maskini asiye na kitu isipokuwa nguvu zake, wawili hao wanaanza maisha kwa kulima, na mwandishi hana haraka. Anatuacha tuone jinsi pori linavyogeuka kuwa shamba, ili wanapokuja wenye nasaba kulidai tujue hasa kinachodaiwa ni kitu gani. Mwandishi mwingine angetuambia kwamba unyonyaji ni mbaya. Huyu ametuonyesha jembe kwanza, na hasira tunayoipata baadaye ni yetu wenyewe.

Adam Shafi naye namweka karibu sana na hapo. Riwaya yake ya Kuli (1979) husifiwa kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli la historia. Mimi naipenda zaidi kwa kurasa zinazoutangulia mgomo huo, ambamo tunamfuata Rashidi, mtoto wa kuli ambaye hatimaye anakuwa kuli mwenyewe. Mgomo unapofika, msomaji ameshaelewa kwamba haukuzuka kwa sababu ya hotuba ya mtu fulani, bali kwa sababu ujira na gharama za maisha zimekataa kulingana. Hotuba nazo zimo, tena wakati mwingine ni ndefu kupita haja, lakini zinatolewa mbele ya watu ambao tumeshawaona wakibeba mizigo.

Vuta N'kuvute ya huyohuyo Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ina jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mume aliyemzidi umri kupita kiasi, anamtoroka mumewe, na mara anagundua kwamba kutoroka kuna gharama. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, asiye na mali yoyote ya kujivunia. Mwajuma ndiye ninayempenda kuliko wote katika kitabu kile, kuliko hata Denge, msomi aliyerudi kutoka Urusi na siasa zake za ukombozi, kwa sababu Denge anawaza namna ya kumwondoa mkoloni, ilhali Mwajuma anawaza watu wawili watakula nini na watalala vipi usiku huu. Riwaya nyingi za siasa humsahau mtu wa aina hiyo. Adam Shafi hakumsahau, na kwa maoni yangu ndiyo maana kitabu chake kinasomwa hata na watu ambao siasa za miaka ya 1950 hawana habari nazo.

Sasa nitakaa kidogo kwa Aniceti Kitereza, kwa sababu ni wachache wanaomtaja. Mzee huyu wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilibidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapa katika majuzuu mawili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Mume na mke hawajajaliwa mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, ambako anatozwa pombe kama faini. Mwandishi wa kawaida angelimaliza suala la pombe katika aya moja. Kitereza anataka tujue kazi inayoingia katika pombe ile: ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, mtama unavyoandaliwa, ni majirani gani wanaoitwa kusaidia na kila mmoja anategemea nini baada ya kusaidia. Ukifika mahali pombe inapopelekwa ukweni unajua thamani ya upendo wa Myombekere bila mtu yeyote kukutajia neno upendo. Wapo wanaosema kwamba kitabu kile ni cha elimu ya mila na si riwaya. Mimi naona kwamba wanaosema hivyo wamezoea riwaya ambazo watu wake hawana mikono.

Katika vitabu vya karibuni ninakipenda Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Kwa mhasibu kitabu hicho ni karamu. Kijana Yusuf anaondoka nyumbani kwao akidhani anakwenda matembezini na mfanyabiashara Aziz, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kuanzia hapo kila mtu katika kitabu ana mtu anayemdai, na msafara mzima unaokwenda bara unatembea juu ya mikopo. Gurnah hamtukani Aziz hata mara moja. Anamwacha awe mpole, msafi, mwenye kunukia manukato, na upole huo unatisha kuliko ukatili wa wahalifu wote niliowasoma katika riwaya zetu.

Riwaya za upelelezi nazo zina nafasi yake, ingawa kipimo changu kinayumba hapa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, ni mtu ambaye sijawahi kumwona akilipwa na yeyote. Anavuta kiko chake, anamhoji rafiki yake Najum, anafikiri, na siri inafumbuka. Kwa kanuni zangu ningepaswa kumchoka, lakini simchoki, kwa sababu mazungumzo ya watu wa Unguja katika vitabu vile ni matamu mno, na kwa sababu fumbo lenyewe mara nyingi linahusu nasaba na mali, yaani nani ni mtoto wa nani na nani anastahili kurithi. Kwa jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba nina msimamo mkali zaidi. Kufa na Kupona (1974) ina kasi ambayo waandishi wetu wengi wangefaa kujifunza, na kuifunga hadithi ya ujasusi na harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati Dar es Salaam ikiwa makao ya vyama vingi vya ukombozi, lilikuwa jambo la akili sana. Hata hivyo wanawake wa vitabu vile ni warembo tu au wasaliti, na mara nyingine yote mawili kwa pamoja. Hawana maisha yao nje ya macho ya Willy. Tena huyu ni mtumishi wa umma anayelala katika hoteli kubwa na kunywa vinywaji vya bei katika miji ya watu, na sijawahi kumwona akirejesha masurufu wala kuomba stakabadhi.

Nije kwa vitabu vilivyonishinda, na nianze na kile ambacho najua nitapingwa kwacho. Kusadikika ya Shaaban Robert nimeisoma nikiwa mwanafunzi na nikiwa mtu mzima, na nyakati zote imeniacha baridi. Karama anasimama barazani akishtakiwa na Waziri Majivuno, na katika kujitetea anasimulia safari za wajumbe waliotumwa pande sita, ambao kila mmoja alirudi na ujumbe wenye faida na akaambulia kifungo. Mjumbe wa kwanza ananisisimua. Kufikia wa tatu nimeshajua kila kitu kitakachotokea kwa watakaofuata, na mwandishi hafanyi lolote la kunishangaza. Wahusika wamepewa hukumu pamoja na majina yao, kwa hiyo Majivuno hana namna ya kuwa mnyenyekevu hata kwa bahati mbaya, na Kusadikika, ile nchi ya kubuni iliyo angani, sikumbuki kumwona mtu wake yeyote akihangaikia chakula cha jioni. Kiswahili ni cha hali ya juu, sibishi. Lakini nchi nzima ya watu wasiochoka hunichosha mimi.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ameandika kitabu ninachokihesabu miongoni mwa bora kabisa tulivyonavyo, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad. Hapo Shaaban Robert alikuwa na mtu halisi mbele yake: mwanamke aliyezaliwa Fumba katika watu wa ufinyanzi, aliyekuwa akitembea kwenda mjini kuuza vyungu, na ambaye sauti yake ilimfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Vyungu vile vinamfanya mwandishi atembee chini. Maadili bado yamo, kwa kuwa Shaaban Robert bila maadili si Shaaban Robert, ila safari hii yanamfuata mtu badala ya kumtangulia.

Kwa Euphrase Kezilahabi hali inafanana na hiyo. Rosa Mistika (1971), ambayo iliwahi kuzuiwa kutumika shuleni, naipenda kwa sababu ya ulevi wa Zakaria, baba yake Rosa, na jinsi nyumba nzima inavyouzunguka. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) naipenda zaidi, kwa sababu Tumaini ni mtu mwenye mashamba na anayapoteza wakati wa sera ya ujamaa, na Kezilahabi hakukubali kutuambia kwa urahisi kama tumlilie au tufurahi. Kisha ikaja Nagona mwaka 1990. Msafiri anatangatanga akitafuta ukweli katika miji mikiwa, anakutana na watu wanaozungumza kwa mafumbo, na wahakiki wamekiandikia kitabu hiki chembamba kurasa nyingi kuliko zake. Nimeisoma kwa heshima, nikaifunga kwa heshima, na sina hamu ya kuifungua tena. Falsafa ya Kichwamaji, riwaya yake nyingine, ilinigusa kwa sababu Kazimoto alikuwa na kijiji, wazazi na rafiki anayemwonea wivu. Ya Nagona haina mahali pa kukaa.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), ambayo wenzetu wa Kenya waliisoma sana kama kitabu teule, nina nusu ya mapenzi nayo. Mtemi anayeitwa Nasaba Bora na kutenda kinyume cha jina lake ni mbinu inayochekesha mara ya kwanza tu. Kisa cha Amani, ambaye mswada wake unaibwa na kuchapishwa kwa jina la mtu mwingine, ndicho kilichoniweka kitini, kwa sababu ni kisa cha kazi iliyofanywa na malipo yakaenda kwingine. Ningeshukuru kama kitabu kizima kingekuwa hicho. Na Makuadi wa Soko Huria ya Chachage Seithy Chachage (2002) ina mada ambayo ningeichagua mwenyewe, mradi wa kamba katika delta ya Rufiji na wakubwa waliokuwa nyuma yake, lakini mwanasosholojia anamnyang'anya mwandishi kalamu mara kwa mara, na wahusika wanageuka kuwa wasemaji wa semina.

Karibuni mnipinge.

Mwalimu wa Zamu:

Ndugu Karani, nimeufurahia uzi wako, ila nadhani umemwonea Shaaban Robert. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo tangu alipoingia Idara ya Forodha mwaka 1926. Mtu wa namna hiyo asingeweza kuandika waziwazi juu ya mahakama zisizosikiliza na watawala wasiotaka raia wajue sheria. Kosa la Karama ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Fikiria shtaka hilo lilivyosomeka kwa mwananchi wa wakati ule. Nchi ya angani haikuwa uvivu wa kubuni, ilikuwa ngao. Hata urudiaji unaokuchosha una maana yake, kwani unaonyesha serikali ambayo haijifunzi, na mapokeo ya hekaya tuliyoyarithi yanaupenda urudiaji wa aina hiyo.

La pili ni kuhusu darasani. Unasema sababu tunazofundisha hazikufanyi ukeshe, nami nakubali, lakini sisi hatufundishi katika hewa. Mtihani unamtaka mwanafunzi ajadili dhamira kwa kutumia riwaya mbili, hoja tatu kwa kila riwaya. Hakuna mtihani niliouona unaouliza Sulubu alilimaje shamba lake. Mwalimu anayetumia vipindi viwili kuzungumzia jembe la Sulubu atapendwa na wanafunzi na kuitwa ofisini baada ya matokeo.

Karani wa Vitabu:

Mwalimu, hoja yako ya ngao naikubali kama maelezo ya historia. Inanieleza kwa nini kitabu kiko hivyo, nami nakiheshimu zaidi baada ya kukusoma, ila hainisaidii ninapofika kwa mjumbe wa nne na kusinzia. Na kwa kuwa umeitaja Forodha, umegusa jambo ambalo hunisikitisha. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika pwani yetu, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Alizijua jahazi, shehena, ushuru, wafanyabiashara wa kila kabila na maofisa wao. Hebu fikiria riwaya ambayo angeliiandika juu ya meza moja ya forodha, kwa Kiswahili kilekile. Katika tawasifu yake, Maisha Yangu, tunapata vipande vya mtu huyo, mtumishi anayehamishwa, mume anayefiwa na mkewe Amina, baba anayewatungia watoto wake tenzi za kuwausia, na kila ninaposoma vipande hivyo najiuliza kwa nini alidhani kwamba maisha ya aina hiyo hayakutosha kuwa riwaya.

Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, inakaribia. Utubora anaiacha kazi ya mshahara na kwenda kulima. Nilikifungua kitabu kile kwa matumaini makubwa, na nilichopata ni maneno mazuri sana kuhusu heshima ya kilimo na kilimo kidogo sana.

Kuhusu mtihani sina la kukushauri, kwa kuwa mtu anayehukumiwa kwa matokeo ni wewe. Ninachokiona kutoka nje ni kwamba vijana wengi siku hizi wanasoma tahakiki badala ya kitabu chenyewe, na wanafaulu. Kama majibu yote yanayotakiwa yanaweza kupatikana bila kukutana na Rehema, basi swali lenyewe halimhitaji Rehema.

Bintimvita:

Assalaam alaikum. Kaka Karani, mimi ni msomaji wa Mombasa na nimeusoma uzi wako hadi mwisho, tena nimekubaliana nawe kuhusu Mwajuma. Lakini kipimo chako kina upungufu. Ukisema kazi, unaona bandari, shamba, biashara na misafara. Kazi ya mwanamke ndani ya nyumba, ambayo haina ujira wala daftari, umeipita. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya huyohuyo Adam Shafi yumo Kijakazi, anayehangaika kutwa kucha katika kasri la bwana anayemdharau, na bado anampenda bwana huyo kwa moyo wake wote. Sijaona katika Kuli mtu anayefanya kazi kuliko yeye, wala katika riwaya yoyote mtu ambaye kazi yake imemharibu akili kwa namna ya kusikitisha kama ile. Kwa nini hukumtaja?

Vilevile umeiacha Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Bwana Maksuudi anampa mkewe talaka kwa sababu amezalishwa nyumbani na mkunga wa jadi, na binti yao, Maimuna, anatoka katika kufungiwa ndani na kuishia kwenye maisha ya baa. Hapo pana pesa na kazi za kila aina, hata kama si kazi ambazo watu wangependa kuziita kazi. Na katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Zainabu Makame, mama yake Kongowea, anaishi Tanga kwa sauti yake, akiimba taarabu. Wewe umemsifu Siti binti Saad kwa vyungu vyake, lakini kuimba nako ni kazi, kaka yangu.

Na la mwisho: katika orodha yako yote hakuna riwaya hata moja iliyotungwa na mwanamke; mwanamke pekee niliyemwona ni mfasiri. Ipo Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani ya mwaka 1987, na ipo Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Sisemi ni lazima uzipende. Nasema zisomeke kabla orodha haijafungwa.

Karani wa Vitabu:

Wa alaikum salaam, dada. Kijakazi nakupa bila ubishi. Kasri ya Mwinyi Fuad nilikuwa nimeiweka chini ya Kuli kwa sababu bwana Fuad mwenyewe amechorwa kwa rangi moja, mvivu na katili tangu mwanzo hadi mwisho, na mnyonyaji aliyechorwa hivyo huniondolea nusu ya hadithi. Lakini umesema kweli kwamba Kijakazi hakuchorwa kwa rangi moja. Anautetea mzigo unaomwua, na katika riwaya zetu sijui mwingine aliyeonyeshwa hivyo kwa ukamilifu. Kuimba kwa Zainabu Makame nako nakubali kuwa ni kazi, na kurasa za mwanzo za Siku Njema, zile za Tanga, ndizo ninazozipenda zaidi katika kitabu kile. Kongowea akishavuka mpaka kwenda kumtafuta babaye, sadfa zinakuwa nyingi kuliko ninavyoweza kuzivumilia.

Utengano ndipo tutakapoachana. Nusu ya kwanza, nyumbani kwa Maksuudi, ni ya kutisha na kila tendo lina mantiki: mtu anayeogopewa nje anahitaji kuogopewa ndani. Maimuna anapotoka, naona mwandishi anaharakisha kumshusha, ngazi baada ya ngazi, mpaka namwona Maimuna kama ushahidi wa hoja na si kama mtu. Ningependa kujua analipwa kiasi gani, nani anachukua sehemu ya malipo yake, anajiwekea nini. Mwandishi anajua, kwa sababu anaijua miji ya pwani vizuri mno, ila haoni haja ya kutueleza.

Kuhusu waandishi wanawake, uzi huu niliufunga ndani ya riwaya, na kufuli hilo limemwacha nje mtu mmoja ambaye angejibu swali lako kuliko mimi. Katika tamthilia ya Penina Muhando ya Nguzo Mama, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na wanashindwa kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shughuli na matatizo ya kwake. Ni mchezo mwembamba, unaosomeka kwa jioni moja, na unaeleza kazi isiyo na daftari kuliko riwaya kadhaa nilizozisifu hapo juu. Vitabu viwili ulivyovitaja mwishoni sitavitolea hukumu hapa. Nitavisoma kwanza, kisha nitarudi katika uzi huu.

Msomaji Mpya:

Shikamooni. Mimi nilimaliza shule bila kupenda hadithi za Kiswahili, kwa sababu tulizisoma kwa ajili ya mtihani kama Mwalimu alivyoeleza. Uwezo wangu kwa mwezi huu ni kununua kitabu kimoja tu. Ninunue kipi?

Karani wa Vitabu:

Marahaba, kijana. Usianze na Kitereza, pamoja na sifa zote nilizomwagia, maana juzuu la kwanza linahitaji msomaji ambaye ameshaamua kuwa na subira, na nakala zake ni adimu. Peponi nacho kiache kiwe cha pili. Nunua Vuta N'kuvute. Hadithi inakimbia, Unguja ya wakati wa mkoloni utaiona kwa macho, na lugha yake haitakupeleka kwenye kamusi mara kwa mara, isipokuwa kwa maneno machache ya Kiunguja ambayo utayaelewa kutokana na mazungumzo yenyewe. Ukikuta nakala yenye utangulizi mrefu wa mhakiki, uruke na uusome baada ya kumaliza, kwa sababu waandishi wetu wa utangulizi wana tabia ya kutoboa mwisho wa hadithi. Na kama filamu umeshaiona, isikuzuie; imechukua sehemu tu ya kitabu, na Mwajuma wa kwenye karatasi ana mengi zaidi ya kukuambia.